Mwongozo kamili wa kuchunguza wadudu Dodoma: kalenda ya mvua, mitego na hesabu zake

Ukimwambia mtu unasoma wadudu Dodoma atakucheka, atakwambia nenda Amani kule Usambara kwenye msitu wa maana, huku kwetu kuna nini zaidi ya vumbi na upepo. Na ukija mwezi wa 8, ukazungusha wavu kwenye vichaka vya Msalato mchana kutwa, utarudi na panzi wachache na inzi, alafu utaandika kwenye ripoti kwamba bioanuai ya wadudu ni ndogo. Hapo kazi imeshaharibika. Wadudu wapo, ila wengine wako mayai ndani ya udongo, wengine ni mabuu kwenye vibonge vya mavi vilivyozikwa, mchwa wameshuka chini kwenye unyevu, wote wanasubiri mvua. Mvua yenyewe ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka na karibu yote inashuka kati ya mwishoni mwa mwezi wa 11 na mwezi wa 4, kwa hiyo huku kiangazi ndo kinafanya ile kazi ambayo baridi inafanya Ulaya, kinafunga duka.

Kwa hiyo shika hili kabla hujanunua hata pini moja: namba yoyote utakayoipata ni ya mtego ule, saa zile, mwezi ule. Mwongozo wote huu unahusu jinsi ya kuipata hiyo namba kwa namna ambayo mwingine anaweza kuirudia na kuilinganisha na ya kwake.

Hatua ya 1: Swali kwanza, wavu baadae

"Nataka kujua wadudu wa Dodoma" sio swali, hutamaliza hadi unazeeka. Wadudu waliokwisha kupewa majina ya kisayansi duniani wako kama milioni moja, mbawakawa peke yao ni kama laki nne, na waliobaki bila jina hakuna aliyewamaliza kuwahesabu. Mwaka 1982 Mmarekani Terry Erwin alitumia hesabu za mbawakawa aliowaangusha kwa dawa ya ukungu kutoka kwenye miti 19 ya aina moja kule Panama, akapata kama spishi 1,200, akapiga mahesabu akasema athropoda (wadudu, buibui na jamaa zao) wa tropiki peke yao wanaweza kufika spishi milioni 30. Watafiti waliokuja baadae wameishusha sana hiyo namba, makadirio mengi ya siku hizi kwa wadudu wa dunia nzima yanazunguka kwenye milioni 5 na ushee. Angalia huo umbali, milioni 30 na milioni 5, na wote ni watu makini.

Sa wewe chagua kundi moja au mawili na mazingira mawili au matatu. Mfano: je mbawakawa wa mavi ni tofauti kati ya malisho ya ng'ombe na pori lisilolishwa? Je shamba la zabibu lenye magugu ya maua kati ya mistari lina nyuki wa porini wengi kuliko lililopaliliwa likabaki jeupe? Je mchwa wa kwenye kichaka ndo haohao wa kwenye shamba la uwele? Maswali ya hivo yanajibika na mtu mwenye bajeti ya mwanafunzi.

Hatua ya 2: Ruhusa

Hii wengi wanairuka. Kwenye ardhi ya kijiji anza na mtendaji na mwenyekiti, jieleze, maana mtu anayechimba vishimo usiku na taa atafikiriwa mambo mengine kabisa. Shamba la mtu, mwenye shamba. Msitu wa hifadhi unasimamiwa na TFS (wakala wa misitu), pori la akiba kama Swagaswaga ni la TAWA (mamlaka ya wanyamapori), hifadhi ya taifa ni TANAPA. Utafiti rasmi unapita COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na ukigusa wanyamapori na maeneo yao kuna TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori). Kupeleka sampuli nje ya nchi ni kibali kingine tena, usimpe mgeni kopo la wadudu aondoke nalo kwa sababu tu ni rafiki.

Hatua ya 3: Chagua maeneo, sio moja moja

Uzuri wa Dodoma ni kwamba ndani ya safari fupi ya bodaboda unapata vitu tofauti kabisa: vilima vya majabali kama Mlimwa, vichaka vya migunga na mikomifora, mashamba ya uwele, mtama na alizeti, zabibu kuanzia Makutupora kwenda Hombolo, kingo za bwawa la Hombolo lenyewe, na kwa mwenye usafiri kuna ardhi oevu ya Bahi na vilima vya Chenene. Mji wenyewe pia ni mazingira, ile miarobaini na taa za barabarani ni sehemu halali ya kufanyia utafiti.

Kosa kubwa ninaloliona kwenye ripoti za watu ni kulinganisha shamba MOJA na kichaka KIMOJA alafu mtu anasema "kilimo kinapunguza wadudu". Hapana bwana, umeonyesha tu kwamba sehemu mbili zinatofautiana, na sehemu yoyote mbili duniani zinatofautiana. Chukua angalau mashamba matatu na vichaka vitatu, viachane nusu kilomita au zaidi, na usiweke mashamba yote bondeni na vichaka vyote mlimani maana hapo utakuwa unapima mlima.

Alafu uliza historia ya mahali. Mfano Kondoa, mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973 kwenye ardhi iliyomomonyoka, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lile kubwa la makorongo ili majani yaote. Kwa mtu anayesoma mbawakawa wa mavi hiyo habari ni kila kitu, kwa sababu ukitoa ng'ombe umetoa chakula chao, na ukirudisha chache za kufungiwa zizini mavi hayaendi tena porini. Wazee wa kijiji watakupa hiyo historia bure kabisa kwa bei ya kukaa nao chini ya mti.

Hatua ya 4: Kalenda

Kama una nafasi ya kwenda fildi mara mbili tu kwa mwaka, moja iwe wiki mbili tatu baada ya mvua kukolea, nyingine iwe kiangazi kati. Kama unaweza mara nne, ongeza zile mvua za kwanza kabisa na mwezi wa 5 wakati majani yanaanza kukauka.

Mvua za kwanza ndo sinema yenyewe. Kumbikumbi wanatoka, na sio wote siku moja, kila aina ya mchwa ina saa yake, wengine jioni, wengine usiku, wengine alfajiri, kwa hiyo andika saa. Nyuma yao wanakuja ndege, vyura, sisimizi, nge na watoto wenye ndoo. Ndo kipindi hichohicho nondo wa viwavijeshi wa Afrika wanasafirishwa na upepo usiku, na pale pepo zinapokutana na mvua wanashushwa kwa wingi sehemu moja, wanataga, na baada ya muda mfupi unasikia malisho na mtama mchanga vimeliwa. Huyu sio yule kiwavijeshi vamizi wa mahindi aliyetoka mabara ya Amerika na kuingia Tanzania 2017, ni ndugu tu. Yule mgeni anajificha ndani ya jani changa la muhindi na hatembei kijeshi sana, huyu wa kwetu ndo anatembea jeshi kweli.

Uyoga ule mkubwa unaoota kwenye vichuguu mvua ikikolea nao ni habari ya wadudu. Mchwa wa jenasi ya Macrotermes hawawezi kumeng'enya mbao kavu vizuri wenyewe, wanatafuna majani na miti, wanajenga bustani ndani ya kichuguu na kulima kuvu wa Termitomyces juu yake, alafu wanakula hiyo bustani. Kwenye nchi kavu kama hii ambayo minyoo ya udongo ni shida kuipata, mchwa ndo wanaofanya kazi kubwa ya kuozesha mabaki ya mimea na kupindua udongo, kwa hiyo ukiwaacha nje ya utafiti wako wa ikolojia kwa sababu "ni waharibifu" umeacha injini ya gari.

Na usidharau vidimbwi vya juu ya majabali vinavyojaa wiki chache tu kwa mwaka. Kule Nigeria kaskazini kuna kiinzi kidogo, Polypedilum vanderplanki, mabuu yake yanaishi kwenye vidimbwi vya namna hiyo, yanakauka mpaka yanabaki kama unga na mvua ikija yanaamka, kuna yaliyokaa makavu miaka 17 yakarudi uhai. Kwenye majabali yetu chota tope la kidimbwi kikiwa kimekauka, weka kwenye bakuli na maji ya mvua, subiri siku mbili tatu uone nani anaogelea.

Hatua ya 5: Vifaa

Huhitaji vya kuagiza. Vikombe vya plastiki vya nusu lita, bakuli ndogo za plastiki (rangi rangi nyeupe, njano ya kung'aa na bluu), shuka jeupe, taa ya kuchaji yenye mwanga mweupe wa kuelekea bluu, mwavuli, koleo dogo la bustani, kibano cha nyusi, sabuni ya maji isiyo na harufu, chumvi, vichupa vyenye vifuniko, penseli, daftari gumu.

Wavu shonesha kwa fundi, fremu ya waya mgumu na kitambaa cha pazia la neti. Chandarua chenye dawa ACHA, kwanza kazi yake ni malaria, pili ile dawa itakuulia wadudu uliotaka kuwaachia na itachafua sampuli zako. Kwa wavu wa kufagilia nyasi tumia kitambaa kigumu cha marekani, huku miiba ya mgunga itachana hiyo neti ndani ya dakika tano.

Hatua ya 6: Mitego yenyewe

Hakuna mtego unaokamata wote. Kila mmoja unaona kipande chake.

Mtego wa shimo ni wa wanaotembea chini: sisimizi, mbawakawa, nyenje wa ardhini, kifaurongo. Chimba, zika kikombe mpaka mdomo wake ulingane na udongo, sio juu hata milimita mbili, mdudu akikuta ukingo anageuka. Ukimaliza kuchimba funika kikombe uache siku nzima ndo ufungue, kwa sababu udongo uliochokonolewa unavuta sisimizi wengi na hiyo siku ya kwanza itakudanganya. Ndani weka maji yenye chumvi nyingi na tone la sabuni, sabuni inafanya mdudu azame badala ya kuelea na kutoka. Juu weka paa la kigae au kifuniko cha ndoo kilichoinuliwa na vijiwe, linazuia mvua, kuku na jua. Vikombe kumi kwenye mstari, hatua kumi kumi, masaa 48. Ukipoteza viwili kwa fisi au mbuzi (watapotea tu) andika kwamba umebaki na vinane na ugawanye kwa vinane. Na ukimaliza ng'oa vyote ufukie, kikombe kilichosahaulika kinaendelea kuua mpaka kijae.

Kwa mbawakawa wa mavi shimo ni lilelile, ila juu unaning'iniza kifurushi cha mavi mabichi ya ng'ombe kwenye kitambaa cha neti, saizi ya ngumi, na kila kifurushi kipime sawa. Muulize mwenye ng'ombe lini walipewa dawa ya minyoo, maana ivermektini inatoka na kinyesi na inaua mabuu ya hawa mbawakawa, na mavi yenye dawa yanaweza kuchanganya hesabu zako zote. Angalia mtego asubuhi na jioni kwa sababu wa mchana na wa usiku ni watu tofauti. Wagawe kwa kazi: wanaoviringisha na kuondoka, wanaochimba hapohapo chini ya mavi, na wanaoishi ndani ya mavi yenyewe. Hapo hata kama hujui jina la spishi tayari una ikolojia. (Mwaka 2013 Marie Dacke na wenzake walionyesha kwamba mmoja wa hawa waviringishaji wa Afrika Kusini, Scarabaeus satyrus, usiku usio na mwezi anashika mwelekeo kwa kutumia mwanga wa ule mkanda wa nyota, ile njia nyeupe ya angani. Mdudu anayesukuma mavi.)

Bakuli za rangi ni za nyuki, nyigu na inzi wa maua. Maji, tone la sabuni, ziweke kwa zamu njano bluu nyeupe kwa usawa wa maua, saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Mwezi wa 7 hadi wa 9 upepo wa Dodoma utazipeperusha, weka jiwe ndani. Shida ya bakuli: nyuki wa asali wanakuja kidogo kuliko wingi wao wa kweli, kwa hiyo ongeza matembezi, tembea taratibu mita 100 kwa dakika 20 ukihesabu kila anayetua kwenye ua, na uandike ua gani. Kwenye alizeti na zabibu zenye magugu hii peke yake inatosha kuwa projekti. Nyuki wadogo wasiouma utawaona zaidi kwenye matembezi kuliko kwenye bakuli.

Taa na shuka. Tundika shuka, elekeza taa, saa 1 usiku mpaka saa 4, kaa hapo. Usiku wa mwezi mpevu usijisumbue, wanapungua sana. Usiku wa giza wenye joto na mawingu baada ya mvua ndo mwenyewe. Usiweke karibu na taa ya barabara. Na jihadhari na yule mdudu mwembamba mweusi na rangi ya chungwa anayekuja kwenye mwanga kipindi cha mvua, ukimponda kwenye ngozi majimaji yake yanaunguza na kesho yake una malengelenge. Mpulize, usimpige, na akipondeka osha kwa sabuni haraka bila kugusa macho.

Kupiga matawi: mwavuli chini juu, fimbo, mapigo kumi kila tawi, matawi kumi kila eneo. Rahisi na wadudu wa mtini huwapati kwa namna nyingine ya bei nafuu. Kwenye mbuyu utapata wale kunguni wekundu wachafua pamba, mbuyu ni wa ukoo mmoja na pamba. Kwenye migunga yenye miiba iliyovimba kama kibuyu fanya taratibu, mle ndani wanaishi sisimizi wanaoulinda mti kwa kuuma chochote, na mti unawalipa kwa nyumba na utomvu mtamu wa kwenye majani.

Wavu wa kufagilia nyasi, mizungusho 50, nyasi zikiwa kavu, umande ukikauka. Basi.

Mchwa wanataka njia yao. Kwenye misitu watafiti wanatumia ukanda wa mita 100 kwa 2 uliogawanywa vipande 20, kila kipande wanatafuta watu wawili kwa nusu saa, kwenye udongo, chini ya magogo, ndani ya vijiti vilivyooza. Unafanyika na hapa kipindi cha mvua. Kiangazi njia nzuri zaidi ni karatasi ya chooni, ndio, ileile, roli nyeupe isiyo na manukato, zika usawa wa ardhi kila mita tano kwenye gridi, rudi baada ya wiki tatu nne uone zipi zimeliwa na nani. Watu watakuuliza. Waeleze tu.

Vipepeo wa matunda waning'inizie mtego wa silinda ya neti na sahani ya ndizi zilizochacha siku tatu, ukiongezea mvinyo wa zabibu ulioharibika wanakuja mbio, huku haukosekani.

Takataka za majani chini ya mkwaju au mkuyu: kata dumu la maji lita 5 ligeuke faneli, weka neti ya matundu ya milimita mbili, jaza majani, juu balbu ya kizamani inayotoa joto, chini kichupa cha alkoholi. Siku tano. Wadogo wanakimbia joto na ukavu wanadondoka.

Na kama uko chini ya mkuyu pasua matunda yake mabichi kwa kisu uangalie ndani. Kila aina ya mti wa jamii hiyo kwa kawaida ina vinyigu vyake maalum, vya mkuyu kwa huku kwetu ni Ceratosolen arabicus, jike anaingia kwenye tunda na chavua, anachavusha, anataga, anafia humohumo. Mti bila kinyigu hauna mbegu, kinyigu bila mti hana pa kuzaliwa. Ukitaka kumuonyesha mwanafunzi wa sekondari kwa nini tropiki ina spishi nyingi anza na hapo, maana kila mmea ukija na wadudu wake, na wadudu wakija na nyigu wa kuwatagia, hesabu inapanda yenyewe.

Hatua ya 7: Usirudi na ngozi yako pungufu

Jiwe likiinuliwa livute upande wako, ili uwazi uelekee mbele na nyoka au nge atoke kwenda kule. Usiingize mkono kwenye kikombe bila kuangalia. Boma la nyuki kwenye pango la jabali liache, na siku hiyo usipake pafyumu. Mbawakawa wa mistari myeusi na njano wanaokula maua ya kunde shika kwa kibano, majimaji yao yanatoa malengelenge. Pori lenye mbung'o vaa nguo za rangi ya mchanga, bluu na nyeusi zinawavuta, ndo maana mitego yao ni ya rangi hizo. Hili la mbung'o lina historia ndefu huku kati, Swynnerton aliyeongoza utafiti wake Tanganyika alikufa kwenye ajali ya ndege mwaka 1938. Maji lita tatu kwa mtu, kofia, na mwambie mtu unakoenda.

Hatua ya 8: Kuhifadhi na lebo

Chukua wachache unaowahitaji, wengine piga picha. Picha tatu: mgongo, ubavu, uso. Mdudu mgumu au mlaini unayemtaka kwenye kichupa weka kwenye ethanoli ya asilimia 70: chukua mililita 73 za ile ya asilimia 96, ongeza maji mpaka zifike 100. Kwa ajili ya DNA tumia ya asilimia 96 bila kuzimua. Spiriti yenye rangi inapaka sampuli. Vipepeo na nondo kamwe wasiingie kwenye alkoholi wala maji, wakunje kwenye bahasha ya karatasi pembetatu, waue kwa friza usiku mbili. Nyuki wa kwenye bakuli waoshe, wakaushe kwa tishu na upepo mpaka manyoya yasimame, vinginevyo hakuna atakayewatambua.

Pini: mbawakawa kwenye ubawa mgumu wa kulia, kipepeo katikati ya kifua, inzi na nyuki kifuani kulia kidogo, panzi nyuma ya shingo kulia. Sisimizi wabandike kwa gundi kwenye ncha ya kipembe cha karatasi ngumu.

Lebo iandike siku hiyohiyo, kwa penseli, maana wino wa kalamu unayeyuka kwenye alkoholi na utabaki na kopo la wadudu wazuri wasio na thamani. Iwe hivi: TANZANIA, Dodoma, kijiji na alama ya karibu, latitudo na longitudo kutoka kwenye simu (mjini ni kama -6.17, 35.74), mwinuko, tarehe, mtego gani na masaa mangapi, jina lako. Lebo iingie NDANI ya kichupa, ya nje itabanduka. Mdudu asiye na lebo ni pambo.

Hatua ya 9: Majina

Usihangaike na spishi mwanzoni. Gawa kwa oda (kundi kubwa, kama mbawakawa wote), alafu familia, alafu "aina" kwa macho: Sisimizi 1, Sisimizi 2, kila mmoja na picha yake na kielelezo kimoja kilichobandikwa. Uwe makini, dume na jike wanaweza kuonekana kama watu wasiojuana, na sisimizi askari na kibarua wa kiota kimoja utawafanya spishi mbili usipoangalia. Kiwavi na nondo wake pia. Picha pandisha iNaturalist (tovuti ya kutambua viumbe kwa picha), watu wa dunia nzima wanasaidia, ila kitambulisho cha picha ni pendekezo tu, mbawakawa wengi wanatofautishwa kwa viungo ambavyo hata mwenyewe unahitaji darubini kuviona.

Hatua ya 10: Hesabu

Kuhesabu spishi tu hakutoshi. Chukua kichaka A chenye wadudu 100 wa spishi nne, kila moja 25. Shamba B lina 100 wa spishi nne pia, ila moja ina 97 na zilizobaki moja moja. Faharasa ya Shannon (uwiano wa kila spishi zidisha logi asilia yake, jumlisha, geuza alama) inatoa 1.39 kwa A na 0.17 kwa B. Kwa lugha ya kawaida A ni kama ina spishi nne kweli na B ni kama ina moja na kidogo. Eksel inafanya hii.

Cha pili, jiulize wangapi hujawaona. Makadirio ya Chao: spishi ulizopata, ongeza mraba wa zile zilizoonekana mara moja tu ukigawanya kwa mara mbili ya zile zilizoonekana mara mbili. Una spishi 40, za mara moja 12, za mara mbili 6: 144 gawanya kwa 12 ni 12, jumla 52, na hiyo 52 ni kima cha chini. Huku tropiki hizo za mara moja huwa nyingi kila siku, usizifute kwenye jedwali ukidhani ni uchafu.

Cha tatu, chora mstari wa spishi mpya dhidi ya idadi ya mitego. Kama bado unapanda hujamaliza, na ni sawa, andika hivohivo. Na usilinganishe kamwe siku 5 za mitego kwa siku 2, punguza kubwa ilingane na ndogo kwanza. Kila jedwali lianze na mwezi na mvua ya wiki mbili zilizopita, mtu akisoma "spishi 9" bila kujua ilikuwa mwezi wa 9 atakuelewa vibaya.

Kutunza

Boksi la pini lisilofunga vizuri litaingiliwa na vimbawakawa wanaokula wadudu wakavu, unakuta unga mweusi chini ya kila pini. Gandisha boksi zima kwenye friza kwa wiki, likiwa ndani ya mfuko uliofungwa, litoe liache lifike joto la chumba kabla ya kufungua mfuko ili unyevu usigande juu ya sampuli, rudia kila baada ya miezi michache. Kipindi cha mvua ongeza vifuko vya silika jeli kuzuia kuvu. Vichupa vya alkoholi angalia vifuniko kila mwezi, joto la Dodoma linakausha hata kilichofungwa vizuri, na ukiona imepungua ongeza ya asilimia 96 kwa sababu kinachotoka kwanza ni alkoholi. Data weka nakala sehemu mbili, na kielelezo kimoja cha kila aina kipeleke kwenye maabara ya chuo kilicho karibu nawe wakikubali kukipokea, na nakala ya lebo zote ndani ya boksi.